MAFIGO YAKO NA KARATASI YA LABO: NAMNA YA KUSOMA KREATININI



Mara nyingi watu wanatoka labo na karatasi mkononi, wanaikunja, wanaitia mfukoni, na mambo yamekwisha. Leo tunataka kufungua mstari mmoja tu wa karatasi ile: mstari wa kreatinini. Wengi wanaujua kwa jina, wanasema "ni ule wa mafigo". Ni kweli. Lakini nambari iliyoandikwa pale si nguvu ya mafigo yako. Ni alama tu, na alama hiyo inapaswa kuhesabiwa pamoja na umri wako na kilo zako. Asiyefanya hesabu hiyo anaweza kudanganyika vibaya.

Tuweke mfano. Kijana mmoja ana miaka 30, kilo 81, kazi yake ni kuchimba shimoni. Mama yake mzazi anakaa naye katika kambi. Ana miaka 65, kilo 48, na magoti yanamuuma tangu zamani. Wanaenda hospitali siku moja, wote wawili wanatolewa damu. Jioni wanalinganisha karatasi. Kreatinini ya kijana: 1,3. Kreatinini ya mama: 1,3. Pembeni labo imechapa kipimo kimoja kwa watu wote: kutoka 0,6 hadi 1,3. Hakuna nyota, hakuna mstari mwekundu. Kijana anacheka: "Mama, una mafigo ya mchimbaji!" Mama anafurahi, na kesho yake anaendelea kumeza vidonge vyake vya magoti, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Kijana huyu ni mzima. Lakini mama amebaki na nguvu ndogo sana ya mafigo, na vidonge vile vinaweza kummalizia hata hiyo kidogo. Namna gani nambari moja iseme maneno mawili?

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi utaelewa upesi. Maji yanaingia shimoni mchana na usiku, na pompi zinayatoa. Ukisimama mbali huzioni pompi, lakini unaona usawa wa maji katika kisima cha chini. Pompi zikifanya kazi vizuri, maji yanakaa chini. Zikichoka, maji yanapanda. Kreatinini ndiyo maji hayo. Ni takataka inayotoka katika nyama za mwili, yaani misuli, nayo inaingia katika damu kila siku karibu kwa kiasi kilekile. Mafigo ndiyo pompi. Mganga hawezi kuingia ndani kuyatazama yakifanya kazi, kwa hiyo anatazama usawa wa kreatinini katika damu.

Sasa angalia: ukiona maji yamefika alama fulani, huwezi kujua hali ya pompi kama hujui maji yanaingia kwa wingi gani. Shimo lenye maji mengi likibaki kwenye alama ile, pompi zake zina nguvu. Shimo lenye maji kidogo likifika alama ileile, pompi zake ni dhaifu. Kijana wetu ana misuli mingi, inatoa kreatinini nyingi, na mafigo yake yanaishinda. Mama ana misuli michache, inatoa kreatinini kidogo tu, na bado mafigo yake yanashindwa kuiondoa.

Mafigo yenyewe ni mawili, na kila figo lina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Katika mtu kijana mwenye afya, vyote pamoja vinachuja kama mililita 120 kila dakika. Hesabu mwenyewe kwa saa 24: ni zaidi ya lita 170, karibu bidoni saba za lita 25. Karibu maji yote yanarudishwa katika damu. Lita moja au mbili tu ndizo zinatoka kama mkojo. Kiasi hiki cha kuchuja kwa dakika moja ndicho waganga wanachotafuta. Katika karatasi nyingine utakiona kimeandikwa kwa herufi tatu, DFG. Kukipima chenyewe kunahitaji kazi ndefu na vyombo ambavyo hospitali nyingi hazina, kwa hiyo tunakikadiria kwa hesabu.

Hesabu iliyojulikana zaidi ilitolewa mwaka 1976 na waganga wawili wa Kanada, Cockcroft na Gault. Ni nyepesi, unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua 140, toa umri wako. Zidisha kwa kilo zako. Weka pembeni. Kisha zidisha 72 kwa kreatinini yako, halafu gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Kama ni mwanamke, punguza 15 katika kila 100.

Tuanze na kijana. 140 toa 30 ni 110. Mara kilo 81 ni 8 910. Kreatinini 1,3 mara 72 ni 93,6. Gawanya: 95. Mafigo yake yanachuja mililita 95 kwa dakika. Vizuri.

Sasa mama. 140 toa 65 ni 75. Mara kilo 48 ni 3 600. Gawanya kwa 93,6 ileile: inakuwa 38. Punguza 15 katika 100 kwa sababu ni mwanamke: inabaki 33.

Tisini na tano kwa mtoto, thelathini na tatu kwa mama, na karatasi zao zinafanana!

Mbele ya kuendelea, tunakuonya juu ya jambo dogo ambalo limekwisha kuogopesha watu bure. Labo haziandiki kreatinini kwa namna moja. Nyingine zinaandika mg/dl, nyingine mg/l, nyingine µmol/l. Ile 1,3 ya mg/dl ni sawasawa na 13 ya mg/l, na ni sawasawa na 115 ya µmol/l. Mtu aliyepimwa mwaka jana akapata 1,1 katika hospitali moja, mwaka huu akapata 12 pahali pengine, anaweza kufikiri amekwisha kufa. Soma kwanza herufi zinazofuata nambari. Hesabu yetu ya hapo juu inataka mg/dl. Kama karatasi yako imeandikwa mg/l, gawanya kwa 10. Kama ni µmol/l, gawanya kwa 88,4.

Hesabu hii ni makadirio, si mizani ya dukani. Cockcroft na Gault waliitengeneza kwa kupima wanaume 249. Ile 15 ya wanawake waliiongeza kwa kukadiria. Tena inatumia kilo, na mtu mnene sana ana kilo nyingi ambazo si misuli, kwa hiyo hesabu inamsifu kupita kiasi. Baadaye zilikuja hesabu nyingine ambazo haziulizi kilo, ila zinahitaji mashine. Ile iliyotolewa Marekani mwaka 2021 ingempa kijana wetu 76 na mama 46. Unaona kwamba nambari zimebadilika, lakini neno juu ya mama halikubadilika: yuko chini ya 60. Waganga wengi bado wanatazama ile ya 1976 wanapopima kiasi cha dawa, na hii nyingine wanapotafuta ugonjwa wenyewe.

Kuna habari nyingine inayotuhusu sisi hasa. Hesabu moja ya zamani ya Marekani ilikuwa na sharti: kama mgonjwa ni mtu mweusi, zidisha jibu kwa 1,21. Walisema watu weusi wana misuli mingi zaidi. Matokeo yake ni nini? Mtu mwenye 55, ambaye ni mgonjwa, alihesabiwa kuwa na karibu 67, akarudishwa nyumbani. Hapa Kongo, waganga wa Kinshasa pamoja na Justine Bukabau walipima kuchuja kwenyewe katika watu wazima wenye afya, wakalinganisha na hesabu hizo. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kuzidisha huko hakufai kwa Wakongomani. Mwaka 2021 Wamarekani nao wakakuondoa katika hesabu yao mpya. Kwa hiyo ukiona karatasi ya labo yenye mistari miwili ya DFG, mmoja wa watu weusi na mmoja wa wengine, ujue mashine ile inafuata hesabu ya zamani. Uliza mganga akusomee mstari usiozidishwa.

Basi, ukipata jibu lako, lina maana gani? Kutoka 90 kwenda juu, mafigo yanafanya kazi vizuri. Kati ya 60 na 90, kama mkojo ni safi, hakuna ugonjwa wa kutaja, hasa kwa mzee, kwa sababu baada ya miaka 40 nguvu ya mafigo inapungua polepole kwa watu karibu wote. Chini ya 60, kama inabaki hivyo kwa miezi mitatu, ni ugonjwa wa mafigo, hata kama husikii maumivu. Chini ya 30, ugonjwa ni mkubwa, na dawa nyingi zinapaswa kupunguzwa au kuachwa. Metformini ya wagonjwa wa sukari, kwa mfano, haitolewi tena. Chini ya 15 mafigo yamekwisha kushindwa, na ni pale watu wanapoanza kusema habari ya dializi, yaani mashine ya kusafisha damu, mara mbili au tatu kila juma. Hatuna haja ya kueleza gharama yake kwa jamaa.

Usisahau ile miezi mitatu. Nambari moja ya siku moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa mafigo. Malaria kali, kuhara, kutapika, posti nzima katika joto bila maji, vyote vinaweza kupandisha kreatinini kwa siku chache, kisha inashuka. Na ugonjwa unapokuja kwa ghafula, hesabu zetu hazifai kabisa: pompi inaweza kusimama leo, lakini maji yanachukua muda kupanda. Kreatinini ya leo inaweza kuonekana nzuri wakati mgonjwa hakojoi tena. Hapo mganga anatazama mkojo na anarudia damu kila siku.

Sasa tuseme jambo ambalo tunaliona kubwa kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Kreatinini inapanda kwa namna ya kudanganya. Mafigo yakipoteza nusu ya nguvu yake, kreatinini inakuwa mara mbili. Mwanamke aliyekuwa na 0,6 akifika 1,2, macho hayaoni kitu, kwa sababu 1,2 bado iko ndani ya kipimo cha labo. Lakini amekwisha kupoteza nusu! Halafu kutoka 1,2 kufika 2,4, ambapo kila mtu anashtuka, amepoteza robo nyingine tu ya nguvu ya mwanzo. Hasara kubwa ilitokea wakati hakuna aliyeshtuka. Ndiyo sababu karatasi ya zamani ina bei kuliko kipimo kilichochapwa pembeni. Weka karatasi zote katika bahasha moja, pamoja na kartasi za chanjo za watoto, na uende nazo kwa mganga. Nambari yako ya mwaka juzi ndiyo kipimo chako wewe.

Watu wengine watauliza: "Lakini mgongo hauniumi, mafigo yatakuwa mabaya namna gani?" Hili ni kosa la siku zote katika kambi. Mgongo wa mchimbaji unauma kwa sababu ya kazi, mara chache sana kwa sababu ya mafigo. Na mafigo yanayokufa polepole hayaumi. Miguu kuvimba, kichefuchefu, kukosa pumzi, kuwashwa mwili, hayo yanakuja mwishoni. Wanaopaswa kupimwa bila kungoja dalili ni wenye tansio ya juu, wenye ugonjwa wa sukari, wenye virusi vya ukimwi, wenye ugonjwa wa damu wa SS, na wale ambao baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua mafigo. Tansio na sukari ndizo zinazoharibu zaidi.

Pamoja na damu, toa mkojo pia. Kikaratasi kinachotiwa ndani ya mkojo kinaonyesha kama protini zinapita. Kichujio kizima hakipitishi protini. Kikitoboka, zinapita, na mara nyingi hiyo inaonekana miaka mingi mbele ya kreatinini kupanda. Mtu mwenye DFG ya 95 na protini nyingi katika mkojo si mzima.

Kwa sisi tunaokaa karibu na machimbo na viwanda, mkojo una sababu nyingine. Risasi, zebaki na kadimiamu ni metali zinazoharibu mafigo. Kadimiamu inapatikana pamoja na zinki, inaingia kwa vumbi na moshi, pia kwa moshi wa sigara, na inakaa ndani ya figo miaka kumi na zaidi. Inaanza kuharibu mifereji midogo, ile inayorudisha maji katika damu, wakati vichujio bado ni vizima. Kwa hiyo kreatinini inaweza kuwa nzuri sana na mifereji imekwisha kuharibika. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti, kadimiamu na urani nyingi kuliko wa watu wa mbali, na watoto walikuwa na kiasi kikubwa zaidi. Hatusemi kila mmoja wao aliugua mafigo. Tunasema kinga ya pua ivaliwe, nguo za kazi zisiingie nyumbani na vumbi, na mikono inawe mbele ya kushika bukari. Na kama kazi yako ni ya tanuru au ya kusafisha zinki au risasi, usiridhike na kreatinini peke yake. Uliza kama mkojo wako umepimwa metali.

Siku ya kutolewa damu, kuna mambo machache ya kujua. Nyama nyingi iliyopikwa jana usiku inapandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Kazi nzito sana ya siku ile inaweza kuipandisha pia. Dawa ya kotrimoksazoli, ambayo watu wengi wanaimeza, inaweza kuipandisha kidogo bila kuharibu figo. Kwa upande mwingine, mtu aliyekonda sana, au aliyekatwa mguu, ana misuli michache, na kreatinini yake inakuwa ndogo hata kama mafigo ni mabaya. Mambo haya yote mwambie mganga, na umwambie pia dawa za miti shamba unazokunywa, bila haya. Hakuulizi ili akugombeze.

Mama mwenye mimba asifanye hesabu yetu. Wakati wa mimba mafigo yanachuja zaidi, kreatinini inashuka, na 1,0 ambayo ni ya kawaida kwa mume wake si nzuri kwake. Watoto pia wana hesabu yao, inayofuata urefu.

Na urea, ule mstari unaoandikwa karibu na kreatinini? Ni msaidizi, lakini hausemi kweli sikuzote. Unapanda kwa kula nyama, kwa kukosa maji, hata kwa damu inayotoka ndani ya tumbo. Urea ikipanda peke yake na kreatinini imetulia, mara nyingi mwili unalia maji. Mfanyakazi wa posti ya mchana katika joto anywe kidogo kidogo tangu mwanzo wa kazi, asingoje kiu.

Turudi sasa kwa mama yetu wa kilo 48. Mwanaye alisoma hesabu hii, akarudi naye hospitali na karatasi mbili: ya sasa, na moja ya zamani iliyokuwa ndani ya Biblia, yenye kreatinini 0,9. Mganga alitazama kwanza vidonge vya magoti. Ni diklofenaki, iliyonunuliwa sokoni bila karatasi ya mganga, mwaka mzima. Dawa za namna hiyo, na ibuprofeni ni ndugu yake, zinapunguza damu inayoingia katika figo. Kwa kijana mwenye nguvu, siku tatu hazimfanyi kitu. Kwa mzee, kila siku, ni kufunga bomba la pompi ambayo imekwisha kuchoka. Mganga alizikataza, akampa parasetamoli kwa kiasi alichokiandika, akampima tansio: ilikuwa juu. Akaanza dawa ya tansio, akamwonya kwamba dawa nyingine za tansio zinapandisha kreatinini kidogo siku za kwanza, na asiziache peke yake kwa sababu hiyo, bali arudi apimwe. Mkojo ulikuwa na protini kidogo.

Baada ya miezi mitatu walirudi. Kilo 48 zilezile, kreatinini 1,0. Mwanaye alifanya hesabu kwa kalamu nyuma ya karatasi, mbele ya kumwona mganga: 3 600 kugawanya kwa 72 ni 50, toa 15 katika 100, inabaki karibu 43. Mganga alikubali hesabu, akasema bado ni chini ya 60, diklofenaki isirudi nyumbani, na damu itolewe tena baada ya miezi minne.